Sindano Nzima Kwenye Tofu

Kila Februari, washonaji wa Kyoto hupeleka sindano zao zilizovunjika hekaluni, wakazichomeka kwenye tofu, kipande laini cha maziwa ya soya yaliyogandishwa, ili zipumzike. Sachie alikuwa akigawa supu ya figili alipomwona mama yake, mshonaji wa kimono, akichomeka sindano iliyonyooka.

"Mama, hiyo ni nzima."

"Najua."

"Baridi imempanda kichwani," jirani alitania.

"Tundu lake silioni tena tangu vuli," mama alisema.

Upawa ulimponyoka Sachie. Kimono chake cha harusi kilikuwa bado hakina mikono, na yeye hajawahi kushona hata kifungo.

"Sasa nani atakimalizia?"

"Wewe. Mimi nitapapasa mshono. Ukipinda, utafumua."