Simu Iliyozimwa Data

Hodi ilipigwa saa saba mchana, na kabla Eveline hajaitika, mwanamke asiyemjua alikuwa ameshaingia. Kandambili zake zilikuwa na tope jekundu, na kwapani alibeba boksi la vifaranga lenye matundu ubavuni.

"Kamwene," alisema.

"Shikamoo, mama," Eveline alijibu, maana Kihehe hakukijua.

"Marahaba. Ndipo hapa mnapotengeneza hiki kidude?"

Alifungua boksi. Vifaranga hawakuwamo. Kilichokuwamo ni kipimajoto cheupe, kazi ya ofisi hiyo ndogo ya Ilomba. Unakitundika bandani, na jiko la mkaa likizimika baridi ikaingia, simu ya mwenye kuku inapiga kelele popote alipo.

Jina lake Severina, na alikuwa ametoka Igowole kwa basi la alfajiri. Vifaranga wake mia tatu walikufa Jumapili mchana, yeye akiwa msibani.

"Simu ilikuwa hapa kifuani. Haikutoa hata mlio wa mbu."

Eveline alikitoa kidude boksini. Kukijaribu kidude hicho ndiyo kazi aliyopewa tangu amalize chuo. Aliandika programu inayofanya yote bila mkono wa mtu: inawasha feni juu ya sanduku la barafu, kipimajoto kinapoa, simu ya majaribio inalia, programu inaibonyeza yenyewe na kuandika matokeo. Kila asubuhi alikuta mistari mia mbili na kumi, yote ya kijani, yaani kidude kimefaulu. Nyumbani kwao alikuwa ameshasema kwamba kuku wa wajane hawatakufa tena kwa baridi.

"Nionyeshe simu, mama."

Ilikuwa nzima. Programu ya kipimajoto ilikuwamo. Ila data ilikuwa imezimwa.

"Huwa unaizima?"

Severina alicheka kicheko kikavu. "Wewe binti, nani anafungua bomba halafu anaondoka? Nawasha nikitaka kitu, nikimaliza nazima. Igowole nzima ndivyo tunavyofanya. Kwani ninyi huku mnaiacha imwagike?"

Simu ya Eveline mwenyewe ilikuwa mfukoni, data imezimwa tangu asubuhi. Mwaka mzima alikuwa akiizima mlangoni, kisha anaketi kuandika majaribio ya simu inayoshinda kwenye chaji, imeunganishwa na intaneti ya ofisi.

"Mimi yangu yamepita," Severina alisema. "Lakini kikundi chetu tuko kumi na wanne. Kesho kutwa, Jumamosi, wenzangu wanapokea vifaranga wao. Wanakitegemea kidude kwa sababu mimi ndiye niliyekisifia. Kama ugonjwa wake una dawa, niambie. Kama hauna, niambie, tuwekeane zamu za kukaa bandani. Kesho unipigie."

"Nitakupigia."

"Upige kawaida. Usinitumie ujumbe wa data."

"Kawaida, mama."

Severina alipoondoka, Eveline aliongeza mstari mmoja kwenye programu yake: zima data na intaneti yote. Feni ilizunguka, kipimajoto kikapoa, simu ikanyamaza. Nyekundu. Alirudia mara arobaini, akibadilisha hiki na kile, na mara arobaini ikawa nyekundu. Laini iliyomo kwenye kidude ilikuwa ya data tu, kwa hiyo hakikuweza kupiga wala kutuma meseji. Kukiwekea laini ya kupigia kulikuwa sawa na kukitengeneza upya.

Ijumaa mchana Nashoni, mwenye ofisi, alipiga kutoka Iringa.

"Mdogo wangu, nimekaa na wakubwa wa mradi, kalamu iko mezani wasaini. Nitumie ile ripoti ya kijani."

"Kaka, kuna nyekundu. Data ikizimwa..."

"Nani alikutuma uizime? Mwalimu gani anajitungia mtihani ili afeli? Futa huo mstari."

"Yule mama wa Igowole nimemwahidi jibu leo."

"Mwambie tumerekebisha. Hawa wa mradi ndio wanaowagawia akina mama vifaranga, Eve. Ukimwambia vingine, maneno yatafika hapa kabla hatujanywa chai. Ikiwa hivyo, Jumatatu usije. Hata mimi sitakuwa na pa kuja."

Akakata simu. Hakuwa mtu mbaya. Shamba la baba yake liliuzwa, fedha zikaishia kwenye vidude hivyo, na Eveline alilijua hilo. Angemlaani kwa raha zaidi kama asingelijua.

Alitoka nje, akasimama kwenye ngazi, akapiga.

Nyuma ya Severina zilisikika sauti za wanawake. "Nani huyo, mchumba?" mmoja aliuliza, wenzake wakaangua kicheko.

"Nyamazeni, ni yule binti wa Ilomba. Haya, mwanangu."

"Mama, ugonjwa hauna dawa. Data ikizimwa, hakilii. Wekeaneni zamu."

Kicheko kilikatika.

"Kwa hiyo tumebaki na macho yetu," Severina alisema.

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Lakini umepiga."

Eveline alirudi ndani kuchukua sweta na kikombe chake. Mezani feni ilijiwasha kwa majaribio ya saa tisa, yale ya zamani yasiyozima data. Kipimajoto kikapoa, na simu ya ofisi, yenye intaneti yake, ikalia vizuri kabisa.