Sinia Zinazovuja Kimyakimya

Spiriti ya kiwanda chetu ilitoka chapwa tena, na meneja alikuwa ameshaamua mwenye kosa ni nani. Ni Mikasi, fundi wetu wa gasketi za kuziba maungio ya mitambo, ambaye tulimpa jina hilo kwa sababu hatembei bila mikasi ya kushonea mfukoni. Meneja alisema Mikasi anazilegeza bolti baada ya ukaguzi ili apate kazi ya ziada, na jioni hiyo angefukuzwa. Mimi, msimamizi wa matengenezo, nilitakiwa nifungue mnara nilete ushahidi. Hukumu imeshatoka, ushahidi wa nini tena?

Mnara wa kukeneka spiriti si wa ajabu. Ndani kuna sinia za chuma, moja juu ya nyingine, kila moja pana kama chumba cha kulala. Mvuke unapanda, kimiminika kinashuka sinia hadi sinia, na spiriti inazidi kukolea kadiri inavyokwenda juu. Sinia ikivuja, kimiminika kinapita njia ya mkato na spiriti inatoka kama maji ya kusuuzia chupa. Sinia zetu matundu yake yamefunikwa na vikofia, zinashika maji kama beseni, kwa hiyo tukishazifunga tunazimwagia maji, na mtu mmoja anasimama chini yake na tochi. Akiona uvujaji anapaza sauti, "Mvua!" Asipoona anasema, "Kavu!" Neno lake halipingwi na mtu yeyote.

Mtu huyo kwetu ni baba yangu. Kiwanda kizima kinamwita Mzee Tochi, na mafundi karibu wote wamepita mikononi mwake.

Mnara ulipokwisha kupoa, ukaoshwa na hewa yake ikapimwa, niliingia kwanza mimi na tochi yangu. Bolti zote zilikuwa zimekazwa barabara. Gasketi za katikati zilikuwa nzima. Mbovu zilikuwa za pembezoni tu, pale sinia inapokutana na ukuta, na chini ya kila moja kulikuwa na michirizi ya uchafu. Nikachuchumaa nikawaza. Maji yakivuja katikati hudondoka kwa kishindo kwenye sinia ya chini. Yakivuja pembeni huteleza na ukuta bila kusikika. Uvujaji wenye sauti ulikuwa umekamatwa wote, na usio na sauti ulikuwa umepita wote. Basi mtu wa chini alikuwa akisikiliza tu, haangalii.

Nilitamani niwe nimekosea. Nikamwomba baba aingie, nikasimama naye, Mikasi akamwaga maji kwenye sinia iliyo juu yetu. Baba aliizungusha tochi kama kawaida yake, kichwa amekiinamisha upande. Ukutani, karibu kabisa nasi, utepe wa maji ulikuwa unang'aa kwenye mwanga wake mwenyewe.

"Kavu!" alisema.

Nilimshika mkono nikaupeleka pale. Vidole vikalowa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nani mwingine anajua?"

"Mimi tu, baba. Lakini Mikasi anafukuzwa leo."

Nilingoja. Nilimwombea moyoni aliseme neno mwenyewe, maana likitoka kwangu ningekuwa nimemwaibisha mbele ya watu aliowafundisha kazi. Mkono wake ukiwa bado unachuruzika maji, baba yangu aliinua uso akapaza sauti tena, "Kavu!"

Hasira ilinipanda, na huzuni juu yake. Nikapiga moyo konde.

"Mvua!"

Juu yetu maji yakaacha kumwagwa.

Wakati wa kutoka baba alikataa mkono wangu. Mikasi alikuwa ameshashuka, akamshika kiwiko, akamwambia taratibu kwamba hapa kuna bomba, hapa kuna ngazi. Baba alimfuata bila kusita hata kidogo.

Nilikwenda kwa meneja nikamweleza yote. Mikasi akabaki kazini. Baba akapewa likizo ambayo sote tulijua haina kurudi. Kisha nikamtafuta Mikasi, nikamkuta anakata gasketi mpya, nikamvaa. Alikuwa anajua kwamba baba haoni, na alikuwa tayari kufukuzwa kwa kosa lisilo lake?

Hakuacha kukata. "Yule ndiye aliyenifundisha kushika spana, dada. Ningeanzia wapi kumsema? Halafu wewe unaishi naye nyumba moja. Nilijua umeshaona, ila hutaki."

Nilifungua kinywa nikatae. Nikakumbuka kwamba kila asubuhi kikombe cha chai cha baba sikiweki mezani, namshikisha mkononi, na sijawahi kujiuliza nilianza lini.