Anamsikiliza Madamu

Mjukuu wangu Mayala ametoka mahabusu ya watoto mara mbili. Mara zote aliiba mawe ya dhahabu kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji, huko Geita. Nimemlea mimi tangu mama yake afariki, lakini siku hizi mdomoni mwake mna jina moja tu: Madamu Eufrasia, afisa ustawi wa jamii wa Mhunze.

"Madamu kasema nijifunze kuchomelea. Madamu kasema niache bangi."

"Na michembe ya viazi ya bibi yako, kasema uile?"

"Hiyo nakula bila kuambiwa," akacheka.

Sikucheka. Mwanamke yule hakumwogesha hata siku moja. Akija, hukaa nami mkekani tukachambua choroko, nami namwonea wivu hata vidole vyake, maana anachambua vizuri.

Jumanne mchana filimbi ya sungusungu ililia. Mbuzi wa jirani yetu Maganga ameibwa. Kitu kikipotea kijijini, kwetu ndiko wanakoanza. Mimi humficha Mayala kwenye kihenge cha nafaka, nikasema hayupo. Wakiondoka, naye hutorokea Geita, ambako anayemwita mwizi ni mwizi mwenzake anayemsifu.

Nikafungua kihenge. "Ingia, baba."

Hakuingia. Alikuwa kwenye simu, anamweleza madamu, na mimi nimesimama mbele yake.

"Sijachukua mbuzi. Tangu asubuhi niko kwa fundi nachomelea, nimetoka sasa hivi." Akasikiliza, kisha akaninyooshea simu. "Bibi, anakutaka."

Sikutaka kuipokea. Nikaipokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Leo usimfiche. Ukimficha wanamwona mwizi, na yeye anajiona hivyohivyo. Nampigia fundi aje aseme ukweli. Ila mimi niko mbali. Nani atakaa naye mlangoni?"

"Kabla hujamjua alikuwa anakaa na nani?"

"Na wewe, mama."

Nikamrudishia simu, nikafunga kihenge, nikatoa vigoda viwili nje. Sungusungu walipofika na fimbo zao, Mayala alisimama akawaamkia mmoja mmoja. Nikamshika mkono.

"Muulizeni hapahapa," nikasema. "Mimi sitoki."

Wakamuuliza, akajibu. Fundi alipofika na kusema walikuwa pamoja, kamanda wao alishusha fimbo, akaniomba maji ya kunywa.

Simu ikaita mfukoni mwa Mayala, bila shaka madamu. Hakuuachia mkono wangu aipokee. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi.