Masomo ya Nyuma ya Ukuta

Wifi yangu alifaulu mitihani yote mitatu ya ualimu kwa mkupuo mmoja: kusoma, kuandika na hesabu. Mimi, niliyempeleka mwenyewe kujiandikisha, nilikuwa nimekwama kwenye hesabu kwa mara ya pili. Na bila hesabu, hata uwe umewafuta kamasi watoto wa darasa la kwanza miaka na miaka, utabaki kuitwa msaidizi.

Siku ya matokeo mama alishangilia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. "Profesa wetu!" mama akamwita wifi, na jina likaganda hapo hapo. Mimi nilicheka kwa meno tu. Roho iliniuma, sifichi. Huyu mke wa kaka yangu alikuja kwetu juzi juzi, akaona ninavyotoka asubuhi na chaki mfukoni, akasema na yeye anautaka ualimu. Kama mtu anayechovya kijiko kwenye sufuria ya mwenzake.

Kilichoninyima usingizi ni kwamba mwalimu wa darasa langu alikuwa anastaafu, na mwalimu mkuu alishasema wazi: darasa atapewa mwenye kufaulu yote matatu. Ulibaki mtihani mmoja wa marudio kabla shule hazijafunguliwa.

"Wifi, nikuelekeze zile hesabu za sehemu?" aliniuliza tukiosha vyombo.

"Nashukuru. Najiweza."

Sikujiweza hata kidogo. Lakini nikae mbele yake na daftari, anisahihishe? Afadhali nifeli.

Chumba changu na chao vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Jioni hiyo hiyo nikamsikia anafundisha. Kaka ni seremala, nikajua kapata kazi yenye vipimo vya kumtoa jasho.

"Nusu na theluthi huwezi kuzijumlisha hivi hivi," wifi alisema. "Kwanza vipande vyote viwe na ukubwa mmoja. Umeelewa?"

Kimya. Upande wangu nilikuwa na kalamu mkononi, na sikuambulia kitu. Nikasonya.

"Basi turudie. Chukua ubao mmoja..."

Nikaona kumbe kaka ni mzito wa kichwa kuliko mimi, na hilo lilinifariji sana. Tangu siku hiyo kila jioni nilisogeza kitanda ukutani nikajifunza bure. Nilijiona mjanja. Alichonizidi nilikuwa namwibia, naye hana habari.

Nikafaulu! Nilikwenda moja kwa moja karakana kwa kaka, cheti nakipepea.

"Sasa niko sawa na mkeo," nikamwambia. "Ila na wewe, kaka, ulinichelewesha. Kitu kimoja mpaka urudiwe mara ngapi?"

Kaka aliweka randa chini. "Nirudiwe nini? Mimi nilikuwa nimelala. Nikimwambia apunguze sauti, ananiambia geukia kule. Kiti chake kakielekeza ukutani kwako. Ukisonya, anarudia. Ukinyamaza, anasonga mbele."

Nilirudi nyumbani nimefura, na si kwamba wema wake sikuuona. Niliuona, na ndio uliozidi kuniudhi. Cheti nilikuwa nimekipata kama yeye, lakini wapo watoto niliokaa nao mwaka mzima, uso kwa uso, nisijue kama wameelewa. Yeye kanijua kupitia mbao. Hilo halina mtihani wa marudio.

Kesho yake mwalimu mkuu akaniita ofisini.

"Mmefaulu wote wawili, na darasa ni moja," alisema. "Wewe nakujua, unachapa kazi. Huyu wifi yako sijamwona akifundisha. Wewe je?"

Ningeweza kusema sijamwona, na wala usingekuwa uongo. Darasa lingekuwa langu kabla ya saa ya chai. Jibu lilikuwa limeshanifika mdomoni.

"Nimemsikia," nikasema. "Ananishinda."

Mwalimu mkuu akakichukua cheti cha wifi na kukiweka juu ya changu.

Wifi alikuwa ananisubiri nje, karibu na bomba.

"Vipi, wifi?"

"Darasa umepata wewe."

Akanyoosha mikono anikumbatie. Nikarudi nyuma.

"Usinishukuru," nikamwambia. "Roho bado inaniuma."