Tembe Iliyotoka Nzima

Filister aliiona asubuhi moja akimwaga ndoo ya haja ya usiku, na tangu hapo hakuwa na amani. Tembe nyeupe, nzima, imelala pale kama imetoka dukani. Alijua ni ya nani. Katika nyumba yao ya Kisumu Ndogo mtu wa kumeza tembe ni mmoja tu: Okeyo, ndugu yake mdogo, fundi wa sofa. Mwaka uliopita Okeyo alikaa siku nyingi bila kulala, akihubiria kuku wa jirani, mpaka akalazwa wadi ya wagonjwa wa akili. Tangu apewe dawa hii alikuwa ametulia, amerudi kushona kwa Phanuel, tajiri wake, kule mtaa wa Kongo, Kawangware.

Kumbe dawa inaingia na kutoka kama mgeni aliyekataa chai!

Filister hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na angeanzia wapi? Mama wa kuuza omena hawezi kuanza kuongea mambo ya ndoo mbele ya wateja. Akaamua mwenyewe: kama tumbo la Okeyo ni zembe, basi lisaidiwe. Akachukua kinu cha kutwangia vitunguu saumu, akaponda tembe ya asubuhi hiyo ikawa unga, akakoroga kwa uji wa wimbi.

"Siku hizi wanatoa ya unga," akamdanganya.

"Siz, huu uji ni mchungu aki."

"Kunywa, omera, ndugu yangu. Dawa si soda."

Hapo ndipo mambo yalianza kuharibika. Asubuhi Okeyo alifika kazini mzito kama gunia la mchanga. Siku moja akasinzia kwa cherehani, akashona mkono wa shati lake pamoja na kitambaa cha sofa. Phanuel alipomwamsha, Okeyo akasimama na kitambaa chote cha mteja kikamfuata nyuma kama bibi harusi. Halafu usiku, wenzake wakitafuta usingizi, ndipo yeye macho yanafunguka: anapanga vyombo, anapangua, anaimba, anataka kuanzisha kanisa. Filister akaogopa. Akaanza kuiponda laini zaidi.

Siku ya miadi wakaenda kliniki ya Satellite, wote wawili. Daktari wao, Celine, alimsikiliza Okeyo, akavua miwani.

"Kaka, sitakuficha. Naona ule ugonjwa unarudi. Hii dawa ni kama imekataa. Nataka urudi wadi kidogo, tujaribu nyingine."

Okeyo aliangalia mikono yake.

"Phanuel alishaningoja mara moja," akasema polepole. "Hataningoja tena. Lakini kama ni hivyo, sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo ilimmaliza Filister. Kama Okeyo angepiga kelele, yeye angevumilia. Akaona Celine anashika kalamu.

"Daktari, usiandike! Dawa haijakataa. Ni mimi."

Akaeleza yote, macho yameganda kwa sakafu. Alipofika kwa ndoo, Celine alikohoa. Alipofika kwa kinu, kalamu ikawekwa chini.

"Mama, ukitafuna muwa, unameza makapi?"

"Aa-aa. Natema."

"Na utamu uko wapi?"

"Si umeshaingia?"

"Basi uliona makapi. Hii tembe imetengenezwa iachilie dawa kidogo kidogo, mchana mpaka usiku. Dawa ikishatoka, ganda linabaki, linashuka zake. Ukiiponda, dawa yote inaingia kwa damu mara moja. Asubuhi inamwangusha, jioni haitoshi tena."

Filister akafunika uso na leso. "Woi! Kumbe nimekuwa nikimlewesha mtoto wa mama yangu!"

"Kila siku," Okeyo akasema. "Na uji mbaya juu." Akacheka mpaka kiti kikalia.

"Na sisi tungekuambia mapema kuhusu hilo ganda," Celine akasema. "Kaka, meza nzima, na maji. Wiki ijayo nikuone kabla sijasema mambo ya wadi. Na wewe, mama, ukiona kitu kwa ndoo, nipigie simu kabla ya kutafuta kinu."

Nje, Filister alitoa chupa ya dawa kwa mkoba, akamwekea Okeyo mkononi. "Shika mwenyewe. Mimi sifai."

Okeyo akairudisha pale pale kwa mkoba, akavuta zipu.

"Nani mwingine ataamka mapema kwa sababu ya tumbo langu? Phanuel?"

Wiki iliyofuata Celine alimkagua, akamuuliza usingizi, akamuuliza kazi, akasema wadi haina haraka naye. Okeyo akashika njia ya Kongo, na Filister akamfuata, eti ana mteja upande huo. Mteja gani? Alitaka tu kuona kwa macho yake.

Alingoja nje kidogo, kisha akachungulia mlangoni. Okeyo ameinamia cherehani, mshono umenyooka, hata hakumsikia akiingia. Phanuel naye amejilaza kwenye sofa mpya ya mteja, mdomo wazi, anakoroma.

"Huyu naye ana nini?" Filister akanong'ona.

"Mwache, Siz. Huyo hajameza kitu. Ni uvivu tu."