Mkanda Ambao Ladislaus Hakuumaliza

Haya niliambiwa na Adelina, binti wa marehemu Ladislaus, Jumapili ile ya kwanza ya Novemba, alipokuja kwangu hapa Hagsätra, kusini mwa Stockholm, kumchukua mwanawe Nala. Huyo Nala nilikaa naye wiki nzima ya likizo ya shule, kwa sababu Adelina alikwenda Norsborg kumsalimu mama yake mara moja tu, na hakurudi. Nilimmiminia chai. Akaanza kusimulia hata koti hajavua, na chai ikapoa pale pale mezani.

Mama yake Adelina ni Flaviana, sisi tumezoea kumwita Mama Goodluck. Yeye na mumewe walikuwa na jambo lao moja, na watu wa kanisani waliwacheka kwalo. Kila mwaka giza la Oktoba likianza kuteremka mapema, na madukani kumejaa maboga na mifupa ya plastiki, Ladislaus alitoa chini ya kitanda sanduku la mikanda ya video. Sinema za zamani za kutisha, nyeusi na nyeupe, zile za popo anayegeuka bwana mwenye joho, na za maiti aliyeshonwa kwa vipande. Alizikusanya tangu alipokuja nchi hii kusomea mitambo, bado kijana. Yeye alikaa kwenye kiti chake cha mikono, mkewe kwenye sofa, mto umemfunika hadi machoni.

Na alikuwa mchokozi. Sinema ikifika penyewe, pale mtu anapoweka mkono kwenye kitasa, Ladislaus alibonyeza rimoti na picha ikaganda.

"Tutamalizia kesho, Mama Goodluck."

"We mwanaume, maliza! Nitalalaje mimi?"

"Utalala ubavuni kwangu, utalala wapi kwingine?"

Oktoba ya mwaka uliotangulia, mkanda wa mwisho ulikuwa wa mwanamke aliyebaki peke yake kwenye nyumba kando ya msitu. Mume amesafiri, usiku kitu kinabisha hodi. Mwanamke ameshika komeo, afungue asifungue, Ladislaus akasimamisha. Kesho yake kifua kikambana. Akalazwa, akatoka, akalazwa tena, hivyo hivyo mpaka Aprili ya mwaka uliofuata, na Aprili hiyo akafariki. Mkanda ukabaki humo humo kwenye deki.

Sasa hapa ndipo penye shida. Mazishi yalisimamiwa na Goodluck, mtoto wa kwanza, ambaye ni mhandisi huko Göteborg. Kijana mzuri, lakini anaogopa sana macho ya watu. Siku mbili kabla alimpigia simu Humphrey wa Rissne, rafiki wa baba yake.

"Baba Mdogo, nakuomba kitu kimoja. Ule utani wenu usiulete. Bosi wangu atakuwepo, wenzangu wa kazini watakuwepo. Hawataelewa."

Humphrey ni Mhehe, Ladislaus alikuwa Mngoni. Hao ni watani tangu vile vita vya mababu zao, na tangu wakutane Stockholm hawakuwahi kusalimiana bila kutukanana. Kwa kawaida yetu, mtani ndiye mwenye kazi msibani. Humphrey alipaswa kuvaa nguo za marehemu, atembee kama marehemu, akohoe kama yeye, alizuie jeneza njiani, awaseme wafiwa mpaka wacheke na machozi yakiwa bado mashavuni. Hapo ndipo watu wanajua kwamba mtu amekwenda. Lakini aliambiwa hapana, akasimama nyuma na suti nyeusi, mikono ameikunja, kama mgeni.

Ibada ilikuwa fupi. Jeneza limefungwa, hakuna aliyelia kwa sauti, hakuna aliyecheka.

"Nilipewa kahawa," Mama Goodluck alimwambia binti yake baadaye. "Nikaletewa keki. Nikarudishwa nyumbani kwa gari. Huo ulikuwa msiba au ulikuwa mkutano?"

Tangu siku hiyo hakutoka nje. Majira ya joto yakapita, watu wakaoga ziwani, yeye yumo ndani. Kitandani halali tena. Alilala kwenye sofa, uso ameuelekeza mlangoni.

Adelina alikwenda Jumatatu ya likizo akiwa na lengo moja. Jumamosi ilikuwa sikukuu ya Watakatifu Wote, siku ambayo mji mzima unapeleka mishumaa makaburini, na yeye alitaka mama yake afike kaburini walau mara moja kabla theluji haijalifunika. Aliingia, akavua viatu. Nyuma yake akasikia ufunguo unazunguka, na mnyororo unawekwa. Mama akautia ufunguo kifuani.

"Mama, unafungia nini?"

"Mlango."

"Naona. Kwa nini?"

"Tukitoka wote, baba yako akija atamkuta nani?"

Adelina alidhani amesikia vibaya. Akamwambia taratibu kwamba baba yuko kaburini, Jumamosi watakwenda wote na mishumaa.

"Kaburi la nani?" mama akasema. "Mimi nilionyeshwa sanduku. Kula, chakula kinapoa."

Jioni Adelina aliomba afunguliwe aende kwa mtoto wake. Mama akasema kesho. Jumanne akasema kesho. Kumnyang'anya mama yako ufunguo kifuani, mkono utaupitishia wapi? Ghorofa ya nne, chini ni lami.

"Niliwaza kuita polisi," Adelina aliniambia. "Lakini niwaambie nini? Kwamba mama yangu ananipikia sana?"

Na kila siku giza likiingia, mapazia yalivutwa, taa zikazimwa, mkanda ukawekwa. Msitu, nyumba, mwanamke. Kitu kinabisha. Mwanamke anashika komeo. Hapo mama anabonyeza rimoti, picha inaganda, na wanakaa gizani wanautazama mkono ule kwenye komeo. Siku ya kwanza Adelina alivumilia. Siku ya tatu alianza kuhisi kuta zinasogea, na yeye mwenyewe yumo ndani ya ile nyumba ya msituni.

"Mama, tumalize basi tujue."

"Ataimaliza mwenyewe. Alisema tutamalizia."

Alhamisi Adelina alijifungia bafuni, akafungua bomba ili asisikike, akampigia kaka yake. Goodluck akasema atawatafutia mtaalamu, ila nafasi zilizopo ni za Januari. Basi akampigia Humphrey, akalia kwenye simu. Humphrey akauliza swali moja.

"Huo mkanda anauweka saa ngapi?"

"Kumi na moja jioni."

"Haya. Nitaona."

Ijumaa ndiyo ile siku ya watoto kuvaa kama wafu. Tangu alasiri walikuwa wanapanda na kushuka ngazi, wanagonga milango, "Bus eller godis!", yaani toa peremende au tukufanyie vituko. Mama akakataza kufungua. Mkanda ukawekwa kwa saa yake. Msitu. Nyumba. Mkono kwenye komeo. Rimoti.

Mlango ukagongwa. Safari hii hakukuwa na vicheko. Kikasikika kikohozi kizito cha mtu mzima, na kisha kile kifuniko cha tundu la barua mlangoni kikainuliwa kutoka nje.

"Mama Goodluck," sauti ikasema kwa chini, kwenye tundu. "Nifungulie. Huku baridi."

Mama akaruka kutoka kwenye sofa, akaenda mlangoni, akaweka jicho kwenye kioo kidogo. Adelina aliona mgongo wake unakakamaa. Nje, chini ya taa ya ngazi, alisimama mtu mwenye koti la kijivu lenye kola ya manyoya na kofia ya masikio. Koti la Ladislaus, ambalo alilisahau kwenye gari la Humphrey kabla hajaugua. Halafu taa ya ngazi ikajizima, kama kawaida yake.

Mama akashika mnyororo kwa mkono mmoja, wala hakuufungua. Nyuma yake kwenye televisheni yule mwanamke naye ameshika komeo. Adelina alijua ni nani aliye nje, alimpigia simu yeye mwenyewe, lakini hata hivyo, aliniambia, nywele zilimsimama.

"Mama," akanong'ona, "si ulikuwa unamngoja?"

"Nyamaza!"

"Si ulisema akija..."

"Nilisema akija! Sikusema akija hivi!"

"Mwanamke, nimekwama," sauti ikaendelea. "Nimefika kule, wananiuliza, wewe, siku unaondoka nani alikucheka? Nikasema hakuna, walikunywa kahawa. Wakasema basi hujafa sawasawa, rudi ukachekwe. Sasa kule siingii, na huku umeweka mnyororo. Nikalale kwenye lifti?"

Machozi yalikuwa yanamtoka mama, mkono uko pale pale.

"Na jambo jingine," sauti ikasema. "Kule viti vya mbele vyote wamekaa Wahehe. Sisi Wangoni tumewekwa nyuma kabisa, karibu na choo. Na ni haki, maana vita vile Wahehe ndio walioshinda."

Mama Goodluck akainua kichwa.

"Humphrey!"

Nje kiatu kikakwaruza sakafu.

"Humphrey, mpumbavu wewe! Mume wangu hata afe mara kumi hawezi kusema Wahehe walishinda!"

"Mimi ni Ladislaus."

"Ladislaus gani anakohoa kama mbuzi aliyekabwa? Hebu kohoa tena."

Nje kikohozi kikatoka.

"Hapana. Yeye alianza na kile kidogo, halafu ndiyo hicho kikubwa."

Kikohozi cha pili.

"Umeharakisha. Nyie Wahehe hata kukohoa mnakohoa kwa hasira. Tena!"

Cha tatu kikaja, kidogo, halafu kikubwa, na pumzi ndefu mwishoni. Kilikuwa chenyewe. Mama akaegemeza paji la uso mlangoni, akakaa hivyo, na Adelina hakuthubutu kusogea. Kisha mama akatia mkono kifuani, akatoa ufunguo.

Humphrey aliingia akichechemea mguu wa kushoto, kama Ladislaus. Hakusalimia. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akanusa, akaguna, "Leo tena maharage?", akafunika. Halafu akaja sebuleni akajitupa kwenye kile kiti cha mikono ambacho tangu Aprili hakuna mtu aliyekigusa, akanyoosha miguu, na kofia bado kichwani.

Mama Goodluck alifungua kinywa amfukuze, kikatoka kicheko. Alicheka akashika meza, akacheka akakaa sakafuni, na huko sakafuni kicheko kikageuka. Akalia. Akalia kwa sauti, mikono kichwani, akamwita mumewe kwa majina yake yote, kama alivyopaswa kulia Aprili.

Jirani yao, mama mmoja anaitwa Josefin, akatoka na kandambili. Mlango ulikuwa wazi bado.

"Kuna nini?"

"Msiba," Adelina akamjibu kwa Kiswidi.

"Pole sana! Nani amefariki?"

"Baba."

"Lakini baba yako si alifariki majira ya kuchipua?"

"Ndiyo. Tumechelewa kidogo."

Kwenye ngazi walisimama watoto watatu waliopakwa unga usoni. Walimwangalia mzee wa kofia kitini, wakamwona ni mwenzao, wakanyoosha mfuko. Adelina akawajazia karanga.

Mama alipotulia, Humphrey aliokota rimoti.

"Tumalize."

Mama akasita. Akavuta mto, akaushika kifuani. "Haya. Maliza."

Mwanamke akavuta komeo. Mlango ukafunguka, na kitu kikaingia mikono juu, kikubwa, cheusi, kikageuka kumfuata, na mgongoni kwake ikaonekana zipu, ndefu, toka shingoni hadi kiunoni.

"Zipu!" Mama Goodluck akasema. "Muda wote huu naogopa mtu mwenye zipu!" Akakitandika kile kiti cha mikono kwa mto. "Toka kwenye kiti cha mume wangu."

"Cha marehemu," Humphrey akasema. Safari hii alisema kwa sauti yake mwenyewe.

Mama akayatazama mapazia.

"Cha marehemu," akasema.

Humphrey akainuka, akaanza kuvua koti. Mama akamzuia.

"Nenda nalo, ni lako. Na viatu vyake viko pale, chukua."

"Viatu vya Mngoni vitanibana."

"Hata akili zake zingekubana. Chukua! Na kesho saa sita mchana uwe hapa na mishumaa. Usichelewe kama ulivyochelewa na msiba huu."

Mama akavaa koti lake la baridi lililokuwa linanuka kabati, akamsindikiza mtani mpaka stesheni ya treni. Adelina aliwaona dirishani, wanasimama kila hatua chache kutukanana. Mama aliporudi mashavu yalikuwa baridi. Hakuwasha televisheni. Akaenda chumbani, akapanda kitandani upande wake, na muda si mrefu akawa anakoroma.

Adelina akakaa kwenye kiti cha baba yake avae viatu aondoke, afuate mtoto. Ufunguo ulikuwa mlangoni, mnyororo unaning'inia wazi. Alivaa kiatu kimoja, cha pili kikamshinda, ndivyo alivyochoka, akajifunika lile shuka la sofa, na usingizi ukamchukua.