Ndevu za Waheshimiwa

Jumatatu ya pili ya Februari, kinyozi Orrin Tebbe alifungua duka lake chini ya ngazi za Bunge la jimbo, akabandika kahawa jikoni, akatundika taulo sita kwenye bomba la maji ya moto. Siku hiyo gazeti la mjini lilikuwa limechapisha majibu ya swali lake la kila mwaka kwa waheshimiwa: nani alikuwa rais bora kuliko wote waliowahi kuiongoza Marekani? Kati ya wabunge mia moja na wanne, tisini na mmoja walimtaja Lincoln. Kufikia saa mbili asubuhi wote tisini na mmoja walikuwa wameota ndevu.

Zilikuwa ndevu nyeusi za kidevuni na mashavuni, bila masharubu, kama zile za Lincoln kwenye sarafu ya senti moja. Mheshimiwa Joanne Sipes, bibi wa wajukuu wanne, aliota zake akinywa chai, akapiga simu kuomba nafasi ya saa nne. Waliomtaja Washington walidondokewa mabegani na unga mweupe, kama ule aliopaka nywele zake, wakaenda kununua dawa ya mba.

Kazi haikumtisha Tebbe. Lililomkosesha usingizi ni muswada wa kufunga hospitali ya Cutler Creek, mji anakoishi. Hapo ndipo mkewe, Lavonne, alipokuwa akiunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Hospitali nyingine iko umbali wa maili tisini. Kwa miaka thelathini na minane Tebbe alikuwa amewanyoa watu hawa bila kuwaomba chochote. Sasa aliamua kuwauliza mmoja mmoja, wembe ukiwa kooni, maana hapo ndipo mwanasiasa hutulia.

Wa kwanza kuketi alikuwa Merle Vandiver, mwenyekiti wa kamati ya bajeti. Tebbe alipomaliza shavu moja akamuuliza kama hospitali itabaki.

"Mzee Tebbe, mimi ni mtu wa Lincoln," alisema Vandiver. "Lincoln kazaliwa kwenye kibanda cha magogo. Hospitali aliiona wapi?"

Shavu lililokwisha kunyolewa likawa jeusi tena. Tebbe akalipaka povu upya.

"Sijauliza habari za Lincoln, bwana. Nauliza habari za Lavonne."

"Mama jasiri yule. Lincoln angempenda sana."

Ndevu zikafika kwenye fundo la tai.

Hadi Alhamisi Tebbe alikuwa ameshaujua mwendo wao. Wakizungumzia bei ya mahindi au mpira, kidevu kilibaki laini kama sahani. Akiwauliza kuhusu hospitali, walimjibu habari za Lincoln, na kichaka kikarudi. Ni Bi Sipes peke yake aliyeuliza kwanza hali ya Lavonne. Kidevu chake kilikaa kitupu dakika nzima, na Tebbe akaanza kuufuta wembe kwa matumaini.

"Mzee wangu, ningependa," alisema hatimaye. "Lakini unajua Lincoln alitufundisha kutanguliza nchi."

Tebbe akachukua mkasi, kwa kuwa wembe peke yake usingetosha.

Ijumaa kabla ya chakula cha mchana Bunge lilipitisha kufungwa kwa hospitali, kura sabini na nane kwa ishirini na sita. Hoja iliyofuata ilihusu foleni ya kinyozi, ambayo ilikuwa inawacheleweshea waheshimiwa kazi ya kuwatumikia wananchi. Fedha zilizookolewa Cutler Creek zilitosha viti viwili vipya, vinyozi wawili na kabati la kupashia taulo. Hakuna aliyepinga.

Vandiver alishuka mwenyewe kuleta habari. "Tumekukumbuka, mzee," alisema, akamshika bega.

Tebbe akaomba ruhusa ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ili ampeleke mkewe matibabuni. Vandiver alizivuta ndevu zake akifikiri, na alifikiri kweli.

"Na haya mandevu yote utamwachia nani?"

Jioni, wakila supu ya kuku, Tebbe alimweleza mkewe yote. Lavonne alipuliza kijiko chake.

"Kawaulize basi kama huyo Lincoln wao ana gari," alisema.

Tangu hapo Lavonne husafiri na jirani yao Gus Hamm, anayepeleka bata mzinga machinjioni kwa lori. Hospitali hiyo ya mbali iko mtaa mmoja kabla ya machinjio, lakini Gus hulazimika kuipita na kuwashusha bata kwanza. Bata hao wana miadi ya saa moja kamili, na huko hawavumilii mtu kuchelewa.